Kufungua ekzosi ya pikipiki na kukagua masega yaliyoziba: mwongozo kamili

Pikipiki ikianza kukosa nguvu mlimani, ushauri unaosikika kwanza kijiweni ni mmoja: fungua ekzosi, toboa masega (kile kisafisha moshi chenye vijitundu kilicho ndani ya ekzosi), endelea na kazi. Ushauri huo hutolewa kabla mtu hajafungua hata plagi kuitazama, na mara nyingi mwenye pikipiki huishia kuwa na ekzosi iliyoharibika, kelele nyingi na ugonjwa uleule aliokuja nao. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhakikisha kwanza kwamba tatizo liko kwenye ekzosi, kisha jinsi ya kuifungua yote bila kuvunja kitu, kuikagua, kubadilisha kilichokufa na kuirudisha ikiwa haivuji. Nimeuandika kwa kufuata pikipiki za silinda moja za cc 100 hadi 150, ambazo ndizo zinazobeba kazi ya bodaboda, ingawa taratibu nyingi ni zilezile kwa pikipiki kubwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Masega hayazibi yenyewe. Huzibwa na injini inayochoma oili, inayopata petroli kupita kiasi au inayomisi, yaani inayokosa kuwaka baadhi ya mapigo. Anayeyatoa bila kutibu chanzo ameondoa dalili tu.

Masega na kinachoyaua

Ndani ya ekzosi za pikipiki nyingi zinazotumia injekta, na baadhi ya zile za kabureta, mna kipande cha kauri au cha bati jembamba kilichojaa vijitundu vidogo, kilichopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita humo ukiwa na joto la kutosha, kuanzia takriban nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi na maji, na oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida ikiwa masega ni ya aina inayoshughulikia sumu zote tatu. Kazi hiyo hufanyika juu ya uso wa madini hayo, kwa hiyo chochote kinachoufunika uso huo huyaua masega hata kama matundu bado yako wazi.

Oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu huacha majivu yenye fosforasi na zinki, na majivu hayo hayaondoki kwa joto. Petroli isiyoungua, inayotoka kwa sababu plagi haitoi moto vizuri au choki imenata, huenda kuungua ndani ya masega yenyewe, yakapanda joto mpaka kauri ikayeyuka na kufunga njia. Adui wa tatu, petroli yenye risasi, si tatizo letu tena, maana nchi za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006.

Kuna jambo moja la kulijua kabla ya kushika spana: pikipiki nyingi za kabureta hazina masega kabisa. India, zinakotoka Boxer na TVS nyingi tunazoziona barabarani, ilianza kudai kiwango chake cha usafi wa moshi kiitwacho Bharat Stage VI mwezi Aprili 2020, lakini pikipiki iliyoundwa kwa ajili ya soko la nje si lazima iwe na vifaa vilevile. Angalia kitabu cha pikipiki yako, au mwulize muuza vipuri akuonyeshe picha ya ekzosi ya namba ya modeli yako. Nimeona ekzosi nzima zikipasuliwa kwa grinda kutafuta kitu ambacho hakikuwamo.

Kuhakikisha ekzosi ndiyo yenye tatizo

Vuta mafuta huku ukiwa kwenye gia na usikilize. Ikiwa injini inapandisha mizunguko lakini pikipiki haiongezi mwendo, klachi inateleza na ekzosi haihusiki. Ikiwa injini yenyewe inakataa kupanda, inabanwa kama mtu aliyezibwa pua, ingawa bila kuvuta mafuta inaunguruma sawasawa, hapo ndipo ekzosi inapoingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kabla ya kuifungua, ondoa washukiwa wa bei nafuu. Fungua chujio la hewa; likiwa limejaa vumbi jekundu la barabara ya udongo, lisafishe au libadilishe kisha ujaribu tena. Nyanyua gurudumu la nyuma na ulizungushe kwa mkono, kwa sababu breki inayobana huleta uzito uleule. Toa plagi: nyeusi na kavu ni dalili ya petroli nyingi, nyeusi yenye ulowevu wa oili ni ringi au sili za valvu, na kahawia hafifu ni hali njema. Pima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu chako, kwa kuwa valvu ya moshi iliyobana kupita kiasi hupoteza mgandamizo na hufanya kuwasha kuwe kwa shida.

Kisha weka kiganja nyuma ya mdomo wa ekzosi, umbali wa shibiri moja, wakati injini imetoka tu kuwashwa na bomba bado si la moto. Moshi unapaswa kutoka kwa mapigo yanayosikika mkononi. Mapigo yakiwa dhaifu hata mafuta yakivutwa, au ukisikia kitu kikicheza ndani unapogonga kopo la nyuma (sehemu nene ya ekzosi inayopunguza kelele) kwa ngumi, una sababu ya kutosha ya kufungua. Kipimo cha uhakika zaidi, kwa pikipiki yenye sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni ndani ya moshi), ni kumwomba fundi mwenye geji afungue sensa hiyo na kupima msukumo wa moshi kwenye tundu lake.

Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na huua. Majaribio yote ya injini yafanyike nje, kamwe si ndani ya banda, hata kama mlango uko wazi.

Vifaa

Utahitaji spana na soketi za namba 8, 10, 12, 13 na 14 pamoja na kirefusho, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, tochi, glavu na miwani ya kazi. Nunua gasketi mpya ya ekzosi kabla ya kuanza, kwa sababu pete ya shaba iliyokwisha kubanwa haizibi vizuri mara ya pili, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kufungua tena. Grisi ya shaba, inayostahimili joto, itasaidia nati zifunguke kirahisi siku nyingine. Spana ya kupimia mkazo ni ya kuazima ikiwa huna, wala si anasa kwenye kazi hii, kama nitakavyoeleza.

Kufungua

Anza jioni ya siku iliyotangulia. Piga brashi kwenye nati mbili zinazoshika bomba kwenye silinda hedi, hasa ncha za stadi (bolti zisizo na kichwa zilizofungwa kwenye silinda hedi) zinazojitokeza nje ya nati, kisha nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu na uache usiku kucha. Ncha hizo zikiwa na matope na kutu, nati itakwama njiani hata kama imekubali kuanza kufunguka, na ndipo stadi zinapokatika. Usijaribu kupasha moto kwa mtungi wa gesi chini ya tangi la petroli.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali tambarare. Kama kuna sensa ya oksijeni, toa waya hasi ya betri, kisha ukate kiunganishi cha sensa kwa kukishika chenyewe, si kwa kuvuta nyaya zake. Ondoa kinga ya joto na sehemu ya kukanyagia mguu ikiwa inaziba njia. Kwenye modeli nyingine pedeli ya breki ya nyuma nayo lazima ishushwe; weka alama ya rangi kwenye shafti na kwenye pedeli ili uirudishe kwenye jino lilelile.

Sasa nati za silinda hedi. Tia soketi ya pembe sita, siyo ya pembe kumi na mbili, ikae mpaka mwisho. Anza kwa kukaza kidogo sana, mguso tu, ili kuvunja kutu, kisha legeza robo mzunguko, rudisha, nyunyiza tena, na endelea hivyo mpaka uhisi nati inakwenda bila kukwaruza. Ukisikia inakuwa laini kama inayonyooka, simama mara moja, kwa sababu hisia hiyo ni chuma kinachojisokota kabla ya kukatika. Legeza nati zote mbili kwa zamu, ili bomba lisikae upande. Stadi ikitoka pamoja na nati, hakuna ubaya. Itarudishwa au itabadilishwa. Stadi ikikatika ndani ya silinda hedi, usiichimbe kwa drili ya mkono. Silinda hedi ni ya alumini, laini kuliko stadi, na drili itakimbilia kwenye alumini. Ipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Bolti ya nyuma inayoshika kopo kwenye fremu ifunguliwe mwisho, mkono mmoja ukiwa umebeba uzito wa ekzosi. Vuta mbele na chini, polepole. Pete ya zamani mara nyingi hubaki imenata ndani ya tundu la moshi. Ichungulie kwa tochi na uitoe kwa waya uliopindwa ncha. Wakati mwingine utakuta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu aliyekutangulia hakutoa ya kwanza, na hiyo peke yake inatosha kufanya ekzosi ivuje. Ziba tundu hilo kwa kitambaa chenye rangi kali, ncha yake ining'inie nje ili usikisahau.

Kukagua

Ekzosi ikiwa mkononi, itikise kwanza. Sauti ya vipande vinavyogongana ni kauri iliyovunjika au bati la ndani lililoachia. Kisha tafuta masega yenyewe: huwa kwenye uvimbe wa bomba la mbele, chini ya injini, au mwanzoni mwa kopo la nyuma. Yakiwa kwenye bomba, mwangaza wa tochi uliopitishwa upande mmoja unapaswa kuonekana upande wa pili kama nyota nyingi ndogo. Yakiwa ndani ya kopo, mwangaza hautapita hata kama ni mazima, kwa sababu mabati ya kupunguza kelele yameuziba, kwa hiyo usihukumu kwa tochi peke yake.

Rangi nayo ina mengi ya kueleza. Masizi makavu meusi yanayotoka kwa kidole ni petroli nyingi. Unyevu wa oili ni ringi au sili. Majivu ya kijivu yaliyong'ang'ania uso wa masega ni oili iliyoungua kwa muda mrefu, na uso uliong'aa, matundu yakiwa yameungana, ni kauri iliyoyeyuka kwa sababu injini ilikuwa ikimisi. Andika ulichokiona, kwa sababu ndicho kitakachokuambia pa kutibu kwenye injini.

Usisahau visababishi vinavyotoka nje. Pikipiki iliyokaa bila kazi huweza kujengewa kiota cha nyigu wa udongo ndani ya mdomo wa ekzosi, na tope lake likikauka huwa gumu kama tofali. Litoe kwa waya na kwa kugonga taratibu, mdomo ukiwa umeelekea chini. Angalia pia kitundu kidogo kilicho chini ya kopo la nyuma: ni cha kutolea maji yanayojikusanya moshi unapopoa. Kikizibwa na matope, maji hubaki ndani na kopo huoza kwa kutu kuanzia hapo. Kuna mafundi wanaokichomelea wakidhani ni tundu la kutu, kiache wazi.

Kinachosafishika na kisichosafishika

Bomba la mbele lisilo na masega unaweza kulisafisha kwa brashi ndefu na kulipigapiga kwa nyundo ya mbao. Masega hayasafishwi hivyo. Kuyamiminia asidi, magadi makali au petroli, kuyapiga maji ya presha au kuyachoma motoni ni njia zilizotoka kwenye ekzosi za zamani za injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, ambazo hazikuwa na kitu ndani cha kuharibika. Kwenye masega, huharibu mipako ya madini na huacha majimaji yatakayotafuna bati. Masizi mepesi yataungua yenyewe injini ikishatengenezwa na pikipiki ikaendeshwa safari ndefu yenye mwendo wa kutosha. Majivu ya oili na kauri iliyoyeyuka hayana dawa ila kubadilisha.

Nifike sasa kwenye lile la kutoboa. Masega mazima kwenye injini ya cc 125 huzuia moshi kidogo sana, na nguvu wanayosema watu wameipata baada ya kutoboa mara nyingi ni nguvu iliyorudi kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuziba, ambayo ingerudi vilevile kwa kuweka mapya. Kwenye pikipiki ya injekta yenye sensa ya oksijeni, kompyuta itaendelea kurekebisha petroli kuelekea uwiano uleule wa takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli, kwa hiyo hakuna petroli ya ziada utakayopata wala nguvu ya ziada. Kwenye kabureta, mchanganyiko waweza kuwa mwembamba (hewa nyingi, petroli kidogo) na valvu ya moshi ikapata joto zaidi. Vipande vinavyobaki baada ya kutoboa kwa nondo husukumwa na moshi hadi kwenye mabati ya kopo la nyuma na kuziba huko, mahali ambapo huwezi tena kuvifikia. Vumbi la kauri na la sufi inayozungushiwa masega halifai kuvutwa mapafuni.

Anayeumia kwanza si mtu wa mbali. Ni dereva mwenyewe kwenye foleni, abiria wake, na mama anayekaanga chipsi pembeni mwa kijiwe ambako pikipiki nyingi huwashwa na kuzimwa kutwa nzima. Sheria nazo zipo: Marekani, Sheria ya Hewa Safi inakataza kuondoa vifaa vya kudhibiti moshi, na Kenya na Tanzania zote mbili zina kanuni za ubora wa hewa. Fundi anayejitolea kukutolea masega bure anajua kwamba madini yaliyomo yana soko. Kama yameharibika kweli, mabovu ni mali yako. Yaombe na uyauze mwenyewe kwa wanaorejeleza vyuma.

Kutibu chanzo, kisha kubadilisha

Rudi kwenye ulichoandika. Masizi makavu yanakutaka uangalie choki, chujio la hewa, usawa wa mafuta ndani ya kabureta, au injekta inayovuja. Kuyeyuka kunakutaka ubadilishe plagi, kofia yake na waya wake, kisha upime koili. Moshi wa buluu unaotoka pikipiki inapowashwa asubuhi na kutoweka baadaye huelekeza kwenye sili za valvu. Unaozidi kila unapovuta mafuta huelekeza kwenye ringi na silinda. Kuweka masega mapya kwenye injini inayokula oili ni kuyatia majivu upya. Tumia pia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA au MA2 (viwango vya Kijapani vya oili za pikipiki), ambayo, pamoja na kufaa klachi inayolowa oili, huwekewa kikomo cha fosforasi.

Chaguo la kwanza ni ekzosi kamili ya modeli yako. La pili, pale ekzosi nzima ni ghali mno, ni masega ya kuchomelea yenye kipenyo na urefu sawa na yale ya awali, yakiwekwa mahali palepale, kwa sababu yakisogezwa mbali na injini hayatapata joto la kutosha. Kama yana mshale, uelekee nyuma. Ekzosi ichomelewe ikiwa imetolewa kwenye pikipiki, na sensa iwe imefunguliwa.

Kuirudisha

Toa kitambaa kwenye tundu la moshi. Safisha uso wa ndani kwa brashi laini, weka pete mpya na uishikize kwa grisi kidogo isidondoke. Paka grisi ya shaba kwenye nyuzi za stadi. Kwenye sensa, paka nyuzi tu bila kugusa ncha. Usipake silikoni ya kawaida kwenye maungio, kwa kuwa mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni, na pete mpya haihitaji msaada huo.

Funga kila kitu kwa vidole kwanza, mbele na nyuma, mpaka ekzosi ikae mahali pake bila kulazimishwa. Ndipo ukaze nati za silinda hedi kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, kisha bolti ya nyuma mwisho. Ukianza kukaza nyuma, bomba litavutwa upande, pete haitabanwa sawa, na mtikisiko utapasua bomba au kibanio chake. Vipimo vya kitabu chako ndivyo vya kufuata. Kwa kawaida stadi ya milimita 6 hukazwa kwa takriban Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 10, na ya milimita 8 kwa takriban Nm 20. Spana ya mkono mrefu huzidisha vipimo hivi bila mtu kujua, na nyuzi za alumini zikichanika, gharama yake inapita ya ekzosi yenyewe.

Rudisha kinga ya joto hata kama bolti yake imepotea na inabidi utafute nyingine. Makovu ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia ni jambo la kawaida mno kwa abiria wa bodaboda, hasa watoto na wanawake wanaovaa sketi. Anayeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Hakikisha pia kwamba waya wa sensa na mpira wa petroli haugusi bomba popote.

Kuwasha na kupima

Kabla ya kuwasha, pulizia maji ya sabuni kwenye maungio yote. Unganisha betri, washa, na uangalie mapovu katika sekunde za kwanza kabla bomba halijapata moto. Moshi mweupe kidogo na harufu ya mafuta ya kulegeza kutu ni kawaida kwa dakika chache. Endesha polepole, kisha uachie mafuta ghafla ukiwa kwenye gia: milio ya kupasuka inayofuatana ni hewa inayoingia kwenye ungio la mbele, na kwenye pikipiki ya injekta uvujaji huo humdanganya sensa, petroli ikaongezwa bila haja, na masega mapya yakaanza kuharibika.

Baada ya safari ya kwanza, iache ipoe kabisa, kisha upitie nati zote kwa spana ya kupimia mkazo, kwa sababu pete mpya hukaa vizuri baada ya kupashwa moto mara moja. Wiki moja baadaye, pangusa maungio kwa kitambaa cheupe. Alama nyeusi inayotokeza kama miale kutoka kwenye ungio ni moshi unaovuja, na pete ibadilishwe kabla uvujaji haujala uso wa alumini.